Shule ya Malkia Elizabeth pale Barnet: nani amesema kweli?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Barnet, kaskazini mwa London, na kijana wangu ana miaka tisa. Karibu na kwetu ipo shule ya wavulana inayosifiwa mpaka watu wanahamia mtaani kwa ajili yake. Wanasema ilianzishwa mwaka 1573 na Malkia Elizabeth. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza, ananiambia alisoma hapo mwishoni mwa miaka ya sabini na hakufanya mtihani wowote wa kuingia, ingawa kaka yake aliyemtangulia alifanya. Mama mwenzangu kazini anasema ni shule ya wenye nazo, akina sisi tusijisumbue. Mume wangu anasema shule ya malkia, na tena inaitwa akademi, haiwezi kuwa ya serikali, lazima kuna ada imefichwa mahali. Na huku mwalimu wa tuisheni anatuambia tumeshachelewa. Nani mkweli? Na hii historia ndefu ina faida gani kwa mwanangu, au ni mapambo tu?"

Marahaba, mama. Jirani yako amesema kweli. Kaka yake naye hakudanganya. Mama mwenzako wa kazini ana nusu ya kweli, nusu iliyo chungu kidogo. Aliyekosea ni mumeo, na kosa lake ni la kila mtu aliyekulia Afrika Mashariki, kwa hiyo asione haya.

Wanapishana kwa sababu wanazungumzia shule tofauti zilizobeba jina moja. Shule ya Malkia Elizabeth ya Barnet imebadilika mara nyingi kuliko majengo yake. Mimi nimefundisha historia ya elimu kwa miaka mingi, na nimejifunza kutobabaika na tarehe ya kuanzishwa. Tarehe hiyo haikuambii mengi. Kinachokuambia ni mambo mawili: katika kila zama, nani alikuwa anapita mlangoni, na nani alikuwa analipa. Tuifuate Barnet kwa maswali hayo mawili, utaona kila mmoja wa watu wako anakaa mahali pake.

Mwaka 1573 Barnet haikuwa kiunga cha London. Ulikuwa mji mdogo wa soko katika kaunti ya Hertfordshire, juu ya kilima, kwenye barabara kuu iendayo kaskazini. Wasafiri walilala hapo, farasi walibadilishwa hapo, na mifugo iliuzwa hapo. Robert Dudley, mkuu wa Leicester na kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza, alimwomba malkia atoe hati ya kuanzisha shule, naye akaitoa. Hapa ndipo watu wengi wanapotelezea. Malkia alitoa hati na jina. Hakuwa mwenye shule wala mlipaji wa mishahara. Fedha zilitafutwa kwa wafadhili, na mali ikawekwa chini ya wasimamizi ili shule idumu.

Wewe ni mtu wa pwani, huhitaji nikueleze sana: ni wakfu. Mtu anatoa shamba au nyumba, kodi yake inaendesha madrasa au msikiti, wasimamizi wanabadilika lakini sharti la mtoaji linabaki. Shule nyingi kongwe za Uingereza zilisimama hivyo kwa karne tatu. Ukilishika neno hilo wakfu, nusu ya historia yake imekwisha kufunguka.

Jengo la kwanza bado lipo. Shuka kituo cha High Barnet, panda kilima, elekea Wood Street karibu na kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, utaliona jumba la matofali mekundu linaloitwa Tudor Hall. Sasa linatumiwa na chuo cha mtaa. Mpeleke mwanao hata siku moja mkiwa mnatoka sokoni. Sipendi kuishia kwenye maelezo ya vitabuni wakati ukuta wenyewe unaweza kuguswa.

Ndani ya jengo la namna hiyo wavulana walianza masomo alfajiri, saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, wakakaa wote katika chumba kimoja kikubwa na kukariri Kilatini. Ndiyo maana ziliitwa shule za grama, yaani shule za sarufi, na sarufi yenyewe ni ya Kilatini. Jina hilo halikuwa na uhusiano wowote na mtihani wa kuingia. Kilatini ndicho kilichokuwa ufunguo wa kanisa, mahakama na chuo kikuu, kama Kiarabu kilivyokuwa kwa mwanachuoni wa Lamu. Wasichana hati haikuwataja kabisa. Na watoto wa maskini kabisa, hata pale neno bure lilipoandikwa kwenye jina la shule, kwa kawaida walikuwa shambani, kwa sababu mtoto anayekariri Kilatini mchana kutwa hachungi kondoo.

Sasa nikupe jambo ambalo litamfaa mumeo. Mwaka mmoja kabla ya hati ya Barnet, yaani 1572, malkia huyohuyo alitoa hati nyingine kwa mkulima mwenye mali aliyeitwa John Lyon, wa Harrow, kijiji kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Barnet. Naye alitaka shule kwa ajili ya wavulana wa kijijini kwake. Malkia ni mmoja, wazo ni moja, na tofauti ni mwaka mmoja tu. Leo Harrow ni moja ya shule za bweni ghali kabisa duniani, na Barnet haitozi hata senti ya ada. Ilikuwaje?

Masharti ya John Lyon yaliruhusu mwalimu wa Harrow kupokea wavulana wa mbali waliolipa. Wageni hao wakaongezeka, wakaja watoto wa makabaila, mabweni yakajaa, na watoto wa kijiji wakasongwa pembeni. Mwaka 1810 watu wa Harrow walikwenda mahakamani kulalamika kwamba wakfu wao umechukuliwa na matajiri. Hawakupata walichotaka. Mwaka 1868 bunge likatunga sheria ya kuzisimamia Harrow, Eton na wenzao, na kundi hilo ndilo Waingereza wanaloliita shule za umma, ingawa umma haumo. Kwa wenyeji wa Harrow ikafunguliwa shule nyingine ya kutwa mwaka 1876. Barnet haikupita njia hiyo. Ilibaki shule ya mji, ndogo, na kuna nyakati ilidhoofika sana.

Kudhoofika huko hakukuwa kwa Barnet peke yake, na sababu yake utaielewa haraka ukikumbuka wakfu. Kufikia karne ya 18 wafanyabiashara wa miji ya Uingereza walitaka watoto wao wajifunze hesabu, jiografia na Kifaransa. Shule za grama zilikuwa na fedha, lakini sharti la mtoaji lilisema Kilatini na Kigiriki. Shule ya Leeds ilipotaka kubadilisha masomo, kesi ikafika kwa Lord Eldon, jaji wa juu kabisa wa wakati huo, naye mwaka 1805 akaamua kwamba fedha zilizotolewa kwa lugha za wanazuoni haziwezi kugeuzwa kufundisha kitu kingine. Sheria ya mwaka 1840 ilianza kulegeza fundo hilo, na sheria ya 1869 ikalikata: serikali ikapata uwezo wa kuvunja masharti ya zamani na kuandika mapya.

Kabla ya sheria hiyo ya 1869 tume ya uchunguzi ilizunguka nchi nzima na kupendekeza shule za sekondari zipangwe kwa madaraja matatu, kulingana na kazi za wazazi. Naam, wazazi. Mtoto wa mwanasheria daraja lake, mtoto wa mwenye duka daraja lake, mtoto wa fundi daraja lake. Hili nakuomba ulikumbuke, kwa sababu ndilo linalojificha nyuma ya maneno ya mama mwenzako.

Kilichoigeuza Barnet kuwa kiunga ni reli. Kituo cha High Barnet kilifunguliwa mwaka 1872. Makarani na wafanyabiashara wa London wakaanza kuishi kilimani na kufanya kazi mjini, wakaleta watoto, na watoto wakahitaji shule yenye masomo ya kisasa. Shule ya malkia ikafufuka katika miaka hiyo chini ya mwalimu mkuu mchungaji John Bond Lee, aliyeiongoza kuanzia 1875 hadi 1906. Mwaka 1888 ikafunguliwa shule ya wasichana ya jina hilohilo, miaka 315 baada ya ile ya wavulana. Nitairudia shule hiyo, maana ina fundisho lake.

Karne ya 20 ilipoanza, waliopita mlangoni walikuwa hasa watoto wa watu wa kati, na waliolipa walikuwa wazazi wenyewe, wakfu, na kidogokidogo serikali. Tangu 1907 shule ya sekondari iliyotaka ruzuku kamili ya serikali ilibidi itenge nafasi za bure, kwa kawaida robo, kwa watoto wenye uwezo waliotoka shule za msingi za umma. Ili kuwapata hao wa robo ukahitajika mtihani. Mtihani wa kuchuja watoto wa miaka 11 ulizaliwa hapo, kama dirisha dogo la msaada kwenye ukuta wa ada. Mwaka 1932 shule ikahama kutoka Tudor Hall kwenda jengo jipya la Queen's Road, kando ya uwanja mpana wa Stapylton, nalo ndilo jengo unaloliona wewe. Treni ya chini ya ardhi ikafika High Barnet mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto.

Sasa tunafika kwa kaka wa jirani yako. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliondoa ada katika shule zote za sekondari za serikali na zile zilizoendeshwa kwa fedha za serikali. Lilikuwa jambo kubwa, na bado naona ni moja ya mambo mema ambayo nchi hii imewahi kuyafanya. Lakini ada ilipotoka, mtihani uliingia mahali pake. Lile dirisha dogo likawa ndilo lango lenyewe. Watoto wote walipimwa wakiwa na miaka 10 au 11: waliofaulu wakaenda shule za grama, waliobaki wakaenda zile zilizoitwa sekondari za kisasa. Aina ya tatu, shule za ufundi, ilipangwa ila ilijengwa kidogo sana.

Waliamini nini? Waliamini akili ya mtoto ni kipimo alichozaliwa nacho, kama urefu au rangi ya macho, na kwamba saa moja ya maswali inaweza kukisoma. Mwanasaikolojia Cyril Burt alikuwa miongoni mwa waliolieneza wazo hilo kwa nguvu. Katika miaka ya sabini takwimu zake kuhusu mapacha zilichunguzwa upya na kutiliwa shaka kubwa. Wakati huo mamilioni ya watoto walikuwa wamekwisha kupangwa.

Na kulikuwa na kasoro nyingine iliyoonekana na kila mzazi. Nafasi za grama hazikulingana kutoka kaunti moja hadi nyingine. Alama zilizompeleka mtoto grama katika kaunti hii zilimwacha mwenzake nje katika kaunti ile, kwa sababu tu huko majengo yalikuwa machache. Wewe uliyefanya mtihani wa darasa la saba unalijua hilo bila kusomeshwa. Wanasema umefaulu au umeshindwa, kumbe mara nyingi wanamaanisha nafasi zilikuwepo au hazikuwepo. Ule mtihani wetu ni ndugu wa huu. Wakoloni waliuleta pamoja na makaka wakuu, mabweni yenye majina na vyeti vilivyosahihishwa Cambridge. Shule ya Tabora alikosoma Julius Nyerere ilijengwa kwa kuangalia mifano ya Uingereza. Kwa hiyo unapotazama lango la Queen's Road, hutazami kitu kigeni kabisa.

Malalamiko yakawa mengi, na wengi wa waliolalamika walikuwa wazazi wa tabaka la kati ambao watoto wao hawakufaulu. Julai 1965 waziri wa elimu Anthony Crosland alitoa waraka namba 10 wa mwaka huo, akiziomba halmashauri zipange shule za kupokea watoto wote bila mtihani, ambazo Waingereza huziita komprehensivu, nami nitaziita shule za wote. Zingatia neno kuomba. Waraka haukuwa sheria. Halmashauri nyingine zilikwenda mbio, nyingine zilivuta miguu. Margaret Thatcher alipokuwa waziri wa elimu mwaka 1970 aliuondoa waraka huo, na bado shule za wote zilizoidhinishwa mikononi mwake zilikuwa nyingi kuliko za waziri mwingine yeyote, kwa sababu mipango ilikuwa imeshafika mbali na wazazi wa maeneo mengi walikuwa wanaitaka.

Barnet ilikuwa imeingizwa ndani ya London mwaka 1965, ikawa sehemu ya wilaya mpya yenye jina lake. Mwaka 1971 shule ya Malkia Elizabeth ikawa shule ya wote. Hapo ndipo jirani yako alipoingia bila mtihani, kupitia lango lilelile ambalo kaka yake alilipita kwa mtihani. Ndugu wawili wa nyumba moja na sare zinazofanana, lakini kila mmoja na shule yake. Mwaka uliofuata, 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na takriban 28,000 walikuja Uingereza. Wengi walijikuta Leicester, Wembley na Harrow, na Kiswahili kikasikika kwenye vituo vya basi vya viunga hivi kabla sisi wengine hatujafika. Watoto wao waliingia shule zilizokuwa katikati ya mageuzi hayo.

Ukiniuliza kama miaka ile ya shule ya wote ilikuwa mibaya, nitakataa kujibu kwa neno moja. Wapo watakaokuambia shule ilishuka. Lakini kuilinganisha shule inayopokea kila mtoto na shule inayochagua mmoja kati ya wengi, kisha kusema ya pili ina walimu bora kwa sababu matokeo yake ni ya juu, ni kama kusifu jiko kwa utamu wa nyama iliyochaguliwa sokoni. Inawezekana jiko ni zuri kweli. Ila hujalipima bado.

Zamu iliyofuata ilikuja na sheria ya 1988. Iliziruhusu shule kujitoa chini ya halmashauri iwapo wazazi watapiga kura ya kukubali, na kupokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu. Barnet, chini ya mwalimu mkuu Eamonn Harris, ilikuwa miongoni mwa za kwanza, mwaka 1989. Baada ya kujitoa ikaomba ruhusa ya kuchagua wanafunzi kwa mtihani tena, ikakubaliwa mwaka 1994. Ni nadra sana kwa shule ya wote kurudi kuwa grama, na mlango huo ulifungwa miaka minne tu baadaye: sheria ya 1998 ilipiga marufuku shule mpya za kuchagua kwa uwezo. Zilizobaki Uingereza ni 163. Kwa hiyo lango la mtihani unalolitazama lina umri wa miaka thelathini na kitu. Hilo la 1573 ni jina.

Sasa ile shule ya wasichana. Jina la malkia yuleyule, mji uleule, na mpaka leo inapokea bila mtihani. Ukiwa na binti, ataingia huko kwa taratibu za kawaida. Kama ukongwe na jina vingekuwa ndivyo vinavyoamua shule iwe ya namna gani, hizi mbili zingefanana. Kilichoamua ni kura, waraka, bodi na mwaka.

Mume wako anasubiri. Mwambie hivi: neno akademi, ambalo kwetu Tanzania na Kenya linamaanisha shule ya kulipia yenye basi la njano, Uingereza lina maana nyingine kabisa. Ni shule ya serikali inayopata fedha zake moja kwa moja kutoka wizarani badala ya kupitia halmashauri, na inayojiendesha kwa mkataba. Barnet imekuwa akademi tangu 2010. Ada ya masomo haipo, na ni marufuku kuitoza. Mtaombwa mchango wa hiari, kama shule nyingi za aina hii zinavyofanya, na hiari ni hiari kweli: mtoto hawezi kunyimwa nafasi wala somo kwa sababu wazazi hawakuchanga. Sare, nauli na chakula mtalipa, kama kwingine.

Na mama mwenzako wa kazini? Si shule ya matajiri kwa maana ya ada. Lakini watoto wa familia zenye kipato kidogo ni wachache katika shule za grama kuliko katika shule za jirani zao, na hilo linaonekana kote nchini. Njia imehama tu. Zamani mzazi alilipa baada ya mtoto kuingia. Sasa wengi wanalipa kabla, kwa mwalimu wa tuisheni. Kaunti ya Buckinghamshire ilibadili mtihani wake mwaka 2013 ikitumaini kuipunguza nguvu tuisheni, na tuisheni haikufa. Lile wazo la madaraja matatu ya wazazi lilifutwa kwenye karatasi, lakini lina mizizi. Hata hivyo akikuambia akina sisi tusijisumbue, hapo namkatalia. Ingia siku yoyote ya wazi pale Queen's Road uone nyuso za wazazi. Watoto wa wahamiaji ni wengi sana katika shule hizo.

Basi mwanao. Mtihani wa Barnet hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, mwezi wa tisa, na kujiandikisha hufungwa kabla ya hapo, wakati wa kiangazi. Ni karatasi mbili za kuchagua majibu, Kiingereza na hesabu. Nafasi ni chini ya 200, na wanaozigombea ni zaidi ya 2,000. Waliofaulu hupangwa kwa alama. Shule haina mpaka wa eneo. Umbali hutumika kutenganisha waliofungana. Wale wanaohamia mtaani kwako kwa ajili ya shule hiyo wanalipia kodi ya nyumba kitu ambacho kodi hainunui.

Ana miaka tisa. Hamjachelewa, na anayewaambia mmechelewa anauza kitu. Mazoezi yana faida, sitakuficha: mtoto aliyeizoea karatasi, anayejua kugawa muda, aliyepata kusoma vitabu vingi, atafanya vizuri kuliko mwenzake mwenye akili ileile ambaye hajaiona. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo inapatikana nyumbani, kwa vitabu vya mazoezi vya bei nafuu, maktaba, na nusu saa ya utulivu siku kadhaa za wiki kuanzia mwaka wa tano. Kama mna uwezo wa tuisheni bila kukopa, sawa. Kama ni kwa kunyima nyumba chakula au kumnyima mtoto usingizi na mpira, ningewashauri msifanye. Kati ya kila watoto kumi wanaofanya mtihani ule, tisa na zaidi hawapati, na wengi wao ni werevu kabisa. Ninyi mnajua hivyo sasa. Yeye naye ajue kabla ya kuingia chumba cha mtihani, aambiwe na baba yake, kwa sauti ya kawaida.

Na Kiswahili msikiache kwa hofu ya mtihani. Kuna wazazi wanaoshauriwa wazungumze Kiingereza tu nyumbani ili mtoto afaulu. Mtoto anayesimuliwa hadithi ndefu kwa lugha ya mama yake anajifunza kufuata hoja, kukisia na kupanga maneno, na hayo anayabeba kwenda Kiingereza. Kiingereza cha vitabu atakipata vitabuni.

Katika fomu ya halmashauri, London mna nafasi ya kuandika hadi shule sita, na mwisho ni tarehe 31 Oktoba. Wazazi wengi wanaogopa kuiweka grama ya kwanza wakidhani shule ya jirani itachukia kuwekwa ya pili. Shule haioni mmeiweka ya ngapi. Pangeni kwa mpangilio mnaoutaka kweli, na hakikisheni ya mwisho ni shule ya karibu ambayo mtoto ana uhakika mkubwa wa kuipata na ninyi mmeitembelea mkaipenda. Majibu hutoka tarehe 1 Machi. Sera ya uandikishaji hubadilika, kwa hiyo someni ile ya mwaka wa mwanenu, msitegemee ya mtoto wa jirani.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyabeba. Mwalimu wa darasa wa mwanao anamjua kuliko mimi: ombeni miadi mwaka huu, muulizeni waziwazi anasimama wapi katika kusoma na hesabu, na kama mnahisi ana shida ya kusoma, kusikia au kutulia, ombeni kuonana na mwalimu anayeshughulikia mahitaji maalumu kabla ya kufikiria mtihani wowote, kwa sababu msaada wa muda wa ziada lazima uombwe mapema na kwa ushahidi. Suala la kibali cha ukaazi au anwani mlizohama lipelekeni kwa watu wa uandikishaji wa halmashauri, ana kwa ana, na barua zenu mkononi. Na mtoto akianza kuumwa tumbo kila asubuhi ya mazoezi, kukosa usingizi au kujiita mjinga, simamisheni mazoezi na mwoneni daktari wa familia. Hilo haliwezi kusubiri mwezi wa tisa.

Umeniuliza kama historia ya shule ni mapambo. Kila mwezi wa sita shule huadhimisha siku ya waanzilishi, na nyumba za wanafunzi bado zina majina kama Leicester na Underne. Mvulana anayeingia hapo anapata hadithi ya kujiegemeza, na hadithi ina nguvu, siidharau. Ila asiyeingia hajanyimwa malkia. Mwonyeshe Tudor Hall, na umweleze kwamba watu wa mji ule wamebadilisha mara nyingi nani apite mlangoni, na kwamba kila mara walikuwa na uhakika wamepata jibu. Halafu nendeni mkaione ile shule ya karibu, siku ya masomo, watoto wakiwa madarasani, muulize walimu wanakaa hapo miaka mingapi kabla ya kuondoka, na umwache kijana atembee mbele yenu.